Wawili au Zaidi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na mimi nimeanza daftari. Mwanangu ndiye aliyenishauri. Alinipigia jana kutoka huko ng'ambo aliko akasema, "Mama, kama huna wa kuongea naye, andika." Nikamwambia nimeongea miaka thelathini na moja kwenye ubao wa simu wa shirika, habari za asubuhi, nikuunganishe na nani, maneno yangu yamekwisha. Akacheka. Kisha tukaagana upesi.

Leo nimemaliza kufungasha nguo za marehemu mume wangu. Mwaka na miezi mitatu zimekaa kabatini nikijidai sina sanduku la kuzitia. Kwenye mfuko wa koti lake la mvua nimekuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ameandika: Lango. Daraja. Njia panda, kushoto. 214.

214 ni mti. Uko kwenye ule msitu wa hifadhi katikati ya mji, kati ya hospitali na barabara kubwa, wenye miti iliyokuwepo kabla ya mji wenyewe. Alikuwa akienda huko karibu kila siku tangu astaafu. Akirudi ananiambia, "Leo mia mbili kumi na nne umedondosha tawi." Nami najibu, "Haya," huku nafuta vyombo, hata sijui kama anasema habari za mti au za basi.

Nitakwenda kuuona. Mti mmoja tu, nauona, narudi.

Alhamisi, 7 Machi

Sikuuona. Hata langoni sikupita.

Kuna kibao kimefungwa kwa waya kwenye geti: MSIMU WA MVUA, HAKUNA KUINGIA PEKE YAKO. WAWILI AU ZAIDI. Mlinzi akanieleza kwa adabu kwamba miti ile ni mizee, ikilowa inadondosha matawi mazito bila taarifa, na mtu akiangukiwa akiwa peke yake nani atakuja kusema? Ni mwanamume wa makamo, mrefu, ana daftari kubwa mezani, analilinda kuliko geti lenyewe. Kila anayeingia anaandika jina, idadi ya watu, namba ya simu na saa. Akitoka anaandika tena idadi. Jioni mlinzi anajumlisha. Walioingia na waliotoka lazima walingane, la sivyo hafungi. Mimi nimembatiza Bwana Lango.

"Mama, wa pili wako yuko wapi?"

"Sina wa pili. Nataka tu kuuona mti namba 214, nirudi."

Akanitazama, akauliza kama mimi si mke wa Mzee Kofia. Kumbe ndivyo walivyomwita hapo. Nikasema ndiyo, alikuwa mume wangu. Akasimama. "Tulisikia, mama. Pole sana." Halafu akakaa, akafikiri, akasema, "Basi leo umekuja kweli."

Nikamuuliza, kweli vipi, kwani kuna siku nilikuja uongo? Akainamia daftari lake akajitia anapiga mstari. Nimerudi nyumbani nimenuna njia nzima. Watu wengine hawajui kuzungumza na mjane.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Nimepiga pasi hata vitambaa vya vyombo.

Jumanne, 12 Machi

Nimejikaza, nimekwenda kusimama langoni kungoja mtu wa kuingia naye. Dakika arobaini. Wakaja wanafunzi wawili wa chuo, msichana na mvulana, wameshikana vidole vidogo. Kama mwombaji wa siku ya kwanza, nikasema, "Samahani wanangu, naomba niingie na nyie." Msichana akasema karibu mama. Mvulana alikubali shingo upande.

Mle ndani kuna giza la kijani na baridi. Mashina ni mapana kuliko chumba changu cha kulala, kila moja lina kibati chenye namba. Hakuna anayepaza sauti. Tukafika darajani, ubao umelowa, nikateleza, yule mvulana akanidaka kwapani kabla sijakaa chini. Wakapiga picha pale, wakapiga nyingine, kisha wakageuka kurudi. Namba ya mwisho niliyoiona ilikuwa 61. Nikawaambia mbele kuna mti mmoja mzuri sana. Msichana akatazama viatu vyake, akasema siku nyingine mama.

Kutoka lazima mtoke mlivyoingia, kwa hiyo na mimi nikageuka.

Alhamisi, 14 Machi

Leo niliingia na mama mmoja mnene aliyeamriwa na daktari atembee. Kafika darajani, kasema kiasi hicho daktari hakukitaja.

Jumatatu, 18 Machi

Mwanamume wa suti. Alikuwa kwenye simu tangu lango hadi daraja hadi lango. Nimejua mambo yote ya kiwanja anachogombea na dada yake. Mti hata mmoja hakuutazama.

Alhamisi, 21 Machi

Saa moja na nusu nimesimama. Waliokuja wote walikuwa familia moja ya watu tisa, na yule baba aliniangalia kana kwamba mimi wa kumi nitawaletea bahati mbaya. Sikuomba. Bwana Lango akanitolea kiti chake. Nikakataa, akakiacha hapohapo, mvua ikakinyeshea.

Nimeshangaa jambo moja nikiwa nimesimama. Mzee wangu aliwezaje? Kila msimu wa mvua alikuwa anaingia, tena siku nyingi. Na yule alikuwa mtu wa haya. Alishindwa hata kumwambia kinyozi apunguze zaidi. Alikuwa anarudi nyumbani na nywele nusu, mimi ndiye namalizia kwa mkasi. Mtu huyo alisimamaje hapa akaomba wageni?

Jumapili, 24 Machi

Mwanangu kapiga. "Umetoka wiki hii, mama?" Nikasema nimetoka na wenzangu. "Wenzako gani?" Nikasema tunatembea msituni kwa kikundi. Akafurahi sana. Nimeona aibu baadaye, lakini furaha ya mtoto nayo ni kitu.

Acha niandike hili, maana hakuna atakayelisoma. Mzee wangu aliniomba. Mwaka wa kwanza kibao kile kilipowekwa alikuja jikoni akasema, "Wanataka wawili wawili sasa. Njoo basi, twende wote." Nikamwambia miguu yangu. Akaniomba tena wiki ile. Nikamwambia, tafuta mtu, mji mzima huu hukosi mtu. Mwaka uliofuata akaniomba mara moja tu. Baada ya hapo hakuniomba tena.

Si miguu. Miguu yangu ni mizima mpaka leo. Nilikuwa nataka nyumba yangu iwe kimya. Miaka thelathini na moja sauti za watu masikioni, kisha nastaafu, na yeye anastaafu, na kutwa yuko sebuleni ananisomea gazeti kwa sauti. Alipokuwa anakwenda msituni nilikuwa nafunga mlango, nakaa kwenye kochi, nasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo. Nilikuwa nampenda. Lakini nilikuwa nasubiri atoke.

Sasa kimya ninacho cha kutosha.

Jumatano, 27 Machi

Mvua ya mawe. Paa lilipiga kelele hata redio sikuisikia.

Jumanne, 2 Aprili

Bwana Lango yuko likizo ya wiki. Mezani kuna msichana, wa miaka ishirini na kitu, ana waya wa muziki sikio moja. Hakuuliza habari zangu. Akasema, "Wangapi?"

Sijui ulimi wangu ulipata wapi. Nikasema, "Wawili. Mume wangu ameingia msalani pale hospitali, ananifuata."

"Andika tu, mama."

Nikaandika jina walilonizoesha kazini, Mama Simu. Idadi, 2. Nikaingia. Nikafika darajani. Nikavuka polepole nikishika kamba. Nikafika njia panda, nikashika kulia badala ya kushoto, nikazunguka nusu saa nikajikuta nimerudi 90. Lakini nimetembea peke yangu, bila mtu wa suti, bila picha. Nimesikia mti mmoja ukikwaruzana na mwingine juu huko, na nimejisikia niko na mtu.

Wakati wa kutoka Binti wa Zamu alikuwa anakula. Nikaandika, 2.

Jumatano, 3 Aprili

"Wawili?" akaniuliza Binti.

"Wawili," nikasema. "Yule anapenda kujikokota."

Maji yamefunika njia baada ya njia panda. Nimefika 170. Nimeandika 2 kuingia, 2 kutoka.

Ijumaa, 5 Aprili

Wawili. Nimefika 183. Nimegundua kwamba nikiwa mle naongea. Namwambia hapa pana utelezi, hapa inama. Hakuna cha wazimu, nimezungumza na watu nisiowaona maisha yangu yote, nilikuwa nalipwa kwa hilo.

Jumapili, 7 Aprili

Mwanangu kanisifu kwamba sauti yangu imechangamka. "Hicho kikundi kinakufaa." Nikasema kinanifaa mno.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nilikaribia. Niliingia saa nane na dakika kumi. Maji yamepungua, njia panda nikashika kushoto vizuri, nikahesabu vibati, 196, 201, 207. Pakawa giza ghafla na upepo ukaanza kusukuma matawi ya juu. Nilikiona kibati cha 209, na mbele yake shina moja limejaza njia yote. Huenda ndio. Tawi likaanguka nyuma yangu, si kubwa, lakini lilitosha. Nikageuka nikakimbia. Mama wa miaka sitini na sita nimekimbia kama nimeibiwa.

Langoni mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu. Binti amejibana kibandani na daftari kalikumbatia chini ya koti. Akanipungia mkono, nenda mama, nenda, nitakuandikia. Nikaenda. Nimelowa hadi mifupa. Nimekunywa chai vikombe viwili, mkoba wangu umetundikwa msalani unadondosha maji. Nalala mapema.

Jumatano, 10 Aprili

Naandika haya saa tano asubuhi. Nitayaandika yote, nisipoyaandika leo nitaanza kuyapunguza.

Nimeamka saa moja, nikatoa simu mkobani ili niikaushe. Nilikuwa nimeizima sauti tangu jana msituni. Simu kumi na moja zisizojibiwa, zote namba moja. Nikadhani mwanangu ana tatizo, nikapiga hapohapo.

Akapokea mwanamke. "Ofisi ya hifadhi."

Nikajitambulisha. Nikasikia akivuta pumzi.

"Mama, wewe ndiye uliyeingia jana saa nane na kumi? Watu wawili?"

"Ndiyo."

"Mwenzako yuko wapi?"

Miaka thelathini na moja sikuwahi kumwacha mtu hewani. Leo nilimwacha. Akasema, haloo, mama, haloo. Akasema Binti wa Zamu alimwona akitoka mtu mmoja, akaandika mmoja. Bwana Lango alirudi kazini jana ileile, zamu ya jioni, akajumlisha, akapungukiwa mtu. Wakaingia kumtafuta tangu saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha. Saa moja tawi likamwangukia Bwana Lango, wakamtoa kwenye machela. Leo tangu alfajiri watu wanane wamo ndani tena. "Tuambie tu mlipoachania, mama. Mti namba ngapi?"

"Hakuna mwenzangu," nikasema.

"Alitoka?"

"Hakuingia. Alishakufa."

"Amekufa?" Nikamsikia anageuka, anapaza sauti kwa watu wengine, "Amesema amekufa!" Kisha kwangu, "Amekufa wapi, mama? Mti upi?"

Nikalazimika kupiga kelele. Alikufa mwaka juzi, hospitalini, kitandani, Desemba. Nilimwandika tu. Nilimwandika ili niruhusiwe kuingia.

Nikasikia mtu nyuma akiambiwa awaite watu watoke. Halafu akasema, polepole kabisa, "Mama, njoo ofisini," akakata.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimekaa kwenye kiti cha jikoni, nywele sijachana. Nimemvunja mtu kwa ajili ya kutaka kuona mti. Mtu mwenyewe ni yule aliyeacha kiti chake kinyeshewe.

Alhamisi, 11 Aprili

Ofisi ni chumba kimoja chenye harufu ya mabuti mabichi. Msimamizi ndiye yule wa kwenye simu, mdogo kuliko nilivyodhani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Akanieleza kwamba daftari lile si mapambo. Namba ikiandikwa, watu wazima wenye watoto wanaingia chini ya matawi yanayoanguka kwa sababu ya namba hiyo. "Ukiandika mbili, mama, sisi tunatafuta wawili."

Nimepigwa marufuku hadi mvua iishe. Nimekubali. Nikauliza habari za Binti wa Zamu, akasema amepewa barua ya onyo. Nikaomba karatasi nikaandika hapohapo kwamba nilimdanganya msichana yule mara nne kwa uso mkavu, na kosa ni langu lote. Msimamizi akaipokea, akasema ataiweka kwenye faili.

Jumamosi, 13 Aprili

Hospitali. Bwana Lango amelazwa wodi ya mifupa, mguu wa kulia umefungwa plasta hadi pajani. Nilikuwa na machungwa kwenye mfuko, na hotuba niliyoitunga njia nzima. Nilipomwona nikaisahau.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba." Nikabaki nimesimama. "Mimi ndiye niliyekuvunja."

"Najua. Kaa."

Akasema walipomwonyesha daftari aliona jina langu, akadhani nimeingia na mtu baki kama ilivyokuwa desturi yangu, na nimemwacha huko. "Niliita mpaka sauti ikakauka. Jina lake sikulijua. Nikawa naita, 'Mwenzake Mama Simu! Mwenzake Mama Simu!' Tawi likanikuta nimefungua kinywa." Hakutabasamu aliposema hivyo. "Nimekasirika, mama. Sitakuficha. Usiku wa kwanza nilikasirika sana."

Nikasema ana haki. Nikamenya chungwa kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

Alipomaliza kulila akasema, "Lakini kosa hili mimi ndiye niliyelifungulia geti. Mzee Kofia hakuwahi kuwa na mtu wa pili."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Mwaka ule kibao kilipowekwa, alikuja siku tatu akasimama pale pale uliposimama wewe. Hakumwomba mtu. Watu wanaingia, wanatoka, yeye anaigeuzageuza kofia yake. Siku ya nne akaniambia, 'Mke wangu yuko nyuma, anafunga kiatu.' Mimi barabara yote naiona mpaka kituoni. Hakuna mtu. Nikamtazama, akatazama chini. Nikamwambia, andika mzee."

"Akaandika?"

"Wawili. Akitoka, wawili. Miaka mitano, kila mvua, na hesabu ililingana kila siku. Ndiyo maana ulipokuja siku ile nikasema umekuja kweli." Akaugeuza uso upande wa dirisha. "Ilikuwa si vizuri kusema. Baadaye nilijuta."

Nikamuuliza alimwandika nani hasa. Nilitaka asikie swali vizuri.

"Wewe, mama. Si mtu mwingine."

Sikumbuki niliagaje.

Jumapili, 14 Aprili

Simu ya mwanangu. Nimemwambia ukweli, wote, tangu kikundi hadi tawi. Alilia. Akasema kwa nini hukuniambia uko peke yako. Nikamwambia, kwani wewe hukujua? Safari hii hatukukata upesi.

Jumanne, 16 Aprili

Nimerudi ofisini, si kuomba kuingia. Nimemwomba Msimamizi anionyeshe madaftari ya zamani. Alisita, kisha akafungua kabati la chuma akaniwekea mezani la mwaka juzi, msimu wa mwisho wa mzee wangu. Akaniachia na chumba.

Sikujua kwamba mwishoni mwa kila mstari kuna nafasi ya maoni ya mgeni. Mimi siku zote niliiruka. Wengi wanairuka, au wanaandika "pazuri". Mzee wangu hakuiruka hata siku moja. Nimenakili haya kwa penseli nyuma ya risiti, sasa nayaandika humu.

14 Machi. Mimi na mke wangu. 2. Maoni: Mke wangu anasema daraja linateleza.

22 Machi. Mimi na mke wangu. 2. Maoni: Mke wangu ameona kima wawili, mmoja ana mtoto.

5 Aprili. Mimi na mke wangu. 2. Maoni: Leo mke wangu alichoka, tumerudi mapema.

30 Aprili. Mimi na mke wangu. 2. Maoni: Tumekaa 214 muda mrefu. Mke wangu anashauri pawekwe kiti cha pili.

Nimehesabu. Mwaka huo mmoja nimeingia msituni mara arobaini na tatu. Nimeona kima. Nimechoka na kupumzishwa. Tarehe tano Aprili ya mwaka juzi mimi nilikuwa kwenye kochi, mlango nimeufunga, nikishukuru kwamba ametoka. Alirudi mapema siku hiyo, nakumbuka kwa sababu nilimuuliza kwa hasira, "Mbona mapema?" Akasema, "Nimechoka kidogo." Kumbe ndiye aliyekuwa amechoka. Ugonjwa ulikuwa umeanza, na mimi nilikasirika kwa kuamshwa.

Nililia juu ya daftari la serikali. Msimamizi aliingia, akalivuta taratibu lisilowe, akanipa karatasi za chooni maana kitambaa hakuwa nacho.

Jumamosi, 20 Aprili

Machungwa, wodini. Hatukuzungumza mengi. Nimemsomea gazeti kwa sauti. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba nisome taratibu.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 27 Aprili

Bwana Lango ameanza kujifunza magongo. Ananilaumu kwamba machungwa ninayoleta ni machachu. Naona tumepatana.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua. Nilidhani nimemsikia mtu anakung'uta koti mlangoni.

Jumatatu, 13 Mei

Bwana Lango ameruhusiwa kwenda kwake. Nilikutana na mkewe ngazini, akanisalimia bila kunipa mkono. Sikumlaumu.

Ijumaa, 24 Mei

Siku ya tatu bila mvua. Nimeanika godoro.

Alhamisi, 30 Mei

Nimepita nje ya hifadhi kwa makusudi, upande wa pili wa barabara, nisionekane nimevunja marufuku. Kibao bado kipo.

Jumatatu, 3 Juni

Kibao kimetolewa. Waya tu umebaki kwenye geti.

Bwana Lango yuko mezani, mguu ameuweka juu ya kigoda, gongo limeegemea ukuta. Amerudishwa kwa kazi ya kukaa tu. Binti wa Zamu naye alikuwepo, amesimama mlangoni mwa kibanda. Nimemwomba radhi mbele ya mtu. Akatoa ule waya sikioni ili anisikie, akasema, "Yameisha, mama," na nadhani hayajaisha sana, lakini amesema.

Bwana Lango akanisogezea daftari. "Leo huhitaji mtu."

Nikaandika jina. Kwenye idadi kalamu ikasimama. Sijawahi kuiandika namba hiyo humo, wala sikuiona kwenye mistari yake niliyoisoma. Nikaandika, 1. Ilikuwa ndogo hata nikadhani haitaonekana, nikaipitia tena.

Daraja nimelivuka nikishika kamba. Njia panda, kushoto. 196, 201, 207, 209. Lile shina lililojaza njia silo, ni 210. Ule wenyewe uko nyuma yake, umejitenga kidogo kwenye uwazi. Kibati kimeanza kumezwa na gome, tarakimu ya mwisho inaonekana nusu. Sijui nilitegemea nini. Ni mti mkubwa sana, mzee sana, haujali. Chini yake kuna gogo moja la kukalia. Nililikagua lote kwa mkono nikitafuta palipolainika, mahali alipokuwa akikaa. Hakuna. Mvua mbili zimepita, gogo zima limeota kijani, na huwezi kujua kama kuna mtu aliwahi kukaa hapo.

Nikakaa. Kwanza nilikaa katikati, halafu nikasogea pembeni.

Sikumwambia lolote. Zile siku nne za uongo niliongea naye njia nzima, leo ulimi umekataa. Nilikaa saa nzima. Kima hawakuja. Niliwaza kwamba alikaa hapa peke yake miaka mitano akinitungia maneno ya kusema, na kwamba maneno aliyonitungia yalikuwa mazuri kuliko niliyokuwa namwambia nyumbani. Nimeumia sana pale. Naliandika hivyo hivyo, nimeumia, na nilistahili, na nimebaki nimekaa mpaka ikapungua.

Nilipokuwa narudi, mguu wangu wa kushoto ukateleza darajani. Hakukuwa na wa kunidaka. Nilishika kamba kwa mikono miwili, nikasimama hivyo hadi moyo ukatulia, nikavuka.

Langoni nikaandika saa ya kutoka, na idadi, 1. Bwana Lango akapitisha kidole kwenye mstari, kutoka safu hadi safu. "Imelingana, mama," akasema, akataka kufunga daftari.

"Bado," nikamwambia.

Nikalivuta, na kwenye maoni ya mgeni nikaandika: Daraja linateleza kweli.